Neno la Watu Wawili

Janeffer alikuwa na vicheko viwili, na Chelangat alivijua vyote viwili kama alivyojua njia ya kwenda mtoni. Cha kwanza kilikuwa cha watu: mkono mdomoni, kuficha pengo la jino la mbele lililong'oka alipomzaa mtoto wa pili. Cha pili kilikuwa cha shambani tu. Mdomo wazi, pengo nje, kikapu kinatikisika mgongoni. Hicho cha pili kilikuwa mali ya Chelangat. Kwa miaka sita alikuwa akikipata peke yake, akiwa amesimama upande wa pili wa mstari wa chai.

Ndiyo maana Jumanne ile aliposikia kicheko cha pengo kikitoka, na yeye mwenyewe hajasema neno, vidole vyake viliganda juu ya majani.

Aliyechekesha alikuwa Moureen.

Moureen alikuwa na wiki tatu tu hapo Boito. Alikuwa akiuza ndizi Sotik, mume wake akapata kazi ya kuchomelea mageti hapo senta, penye maduka, wakahamia. Janeffer alimkuta kanisani amekaa benchi la nyuma kama mtu aliyepotelewa na mzigo, akamshika mkono. "Njoo tuchume chai na sisi," alimwambia. "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Chelangat alikuwa amesimama hapo hapo na kitabu cha nyimbo kwapani. Yeye hakuwa mgonjwa. Alishangaa ni nani aliyetakiwa kupona.

Shamba lenyewe lilikuwa la Kogo Cheptoo, bibi mzee ambaye watoto wake wote walikwenda kuishi mbali. Mgongo wake ulipokataa kuinama aliwaita Janeffer na Chelangat, akawapa chai yake waichume na kugawana naye. Siku hiyo aliwatazama kwa zamu, akasema kwa Kiswahili chake cha Kikipsigis: "Pasi, nawapa nyinyi wawili, kwa sapapu nyinyi mnachuma kama mtu mmoja."

Na ilikuwa kweli. Mmoja huku, mwingine kule, mstari wa chai katikati, na juu ya mstari ufito mmoja ulionyooka. Kila mchuma chai anaujua ufito. Unaulaza juu ya mashina. Kinachochomoza juu yake, yale majani mawili na ncha changa, unakivunja. Kilicho chini unakiacha kikue. Ukichuma bila ufito, shamba linakuwa na vichuguu kama kichwa kilichonyolewa na mlevi. Ufito wao Chelangat ndiye aliyeukata, akauambua gome, akaukausha juu ya moto. Walikuwa wakisukumiana ufito huo kutoka mkono hadi mkono bila kutazamana. Hakuna aliyesema "chukua" wala "lete". Mkono ulikuwa unajua.

Halafu kulikuwa na lile neno.

Jumamosi mchana, wanawake kumi hivi walikuwa wakienda gumbaru, shule ya watu wazima, kwenye jumba la kanisa. Mwalimu alikuwa Bosire, mzee aliyestaafu, mwenye kaptula ya kaki na masikio makubwa. Alikuwa hawezi kufundisha neno bila kulichimbua mpaka mizizi. Mwezi mmoja kabla Moureen hajafika, Mwalimu Bosire aliandika ubaoni: *We*.

"Hili ni sisi," alisema. "Wakipsigis mnasemaje?"

"Echek!" wanawake wakaitikia.

"Na sisi Wagusii tunasema intwe. Haya. Sasa hili neno la Kiingereza ni zee kuliko Uingereza yenyewe. Wale watu walikuja nalo mdomoni walipovuka maji kutoka upande wa Ujerumani, na Mjerumani mpaka leo ana ndugu yake. Lakini mnajua lilikuwa na dada?"

Akaandika chini yake herufi tatu: *wit*.

"Hili lilikuwa sisi pia. Lakini sisi wawili tu. Mimi na wewe, basi. Akiingia wa tatu, huwezi kulisema tena."

Mama mmoja wa nyuma akauliza, "Na liko wapi sasa, Mwalimu?"

"Lilikufa. Miaka mia saba na zaidi."

"Uuwi! Lilikufa na nini? Malaria?"

Walicheka mpaka kuku waliokuwa mlangoni wakatawanyika. Mwalimu Bosire alingoja, maana alipenda kuchekwa kidogo. "Wasomi wanabishana," alisema. "Mimi naona lilikosa kazi. *We* lilitosha wawili na likatosha elfu. Ukiwa na kikapu kinachobeba kila kitu, kile kidogo unakitundika ukutani. Siku moja unakuta panya wamekimaliza."

Chelangat hakucheka. Aliliandika lile neno pembeni mwa daftari lake na kulizungushia duara. Alikuwa ameishia darasa la nane, na tangu aache shule hakuwahi kusikia jambo ambalo lilikuwa lake hivyo. Kumbe watu wa zamani walijua! Kumbe kuna kitu ambacho ni cha wawili tu mpaka kikapewa jina lake. Jumatatu yake alichukua kisu cha jikoni akalichonga kwenye ufito, karibu na mwisho, mahali kidole gumba kinapokaa.

Janeffer alipoliona alicheka kile kicheko cha pengo. "Wewe Chela! Sasa hata fimbo imesoma!"

Chelangat aliibeba siku hiyo moyoni kama mtu anayebeba yai.

Sasa Jumanne hii, Moureen alikuwa upande wa Janeffer, bega kwa bega, akichuma jani moja wakati wenzake wanachuma kumi, na mdomo wake haukuchoka kama vidole vyake.

"Basi huyo mzee akafinya ndizi ya kwanza. Akafinya ya pili. Akafinya mkungu wote! Nikamwambia, baba, hiyo ni ndizi, si mkono wa bibi harusi. Nunua ama uachilie!"

Kicheko cha pengo tena. Kikapu cha Janeffer kikatikisika.

"Na wewe Chela, hucheki?" Moureen aliuliza.

"Chelangat."

"Ehe, Chela."

Jina lile Janeffer ndiye aliyelikata. Hata mama yake Chelangat hakulitumia. Alilisikia kwenye ulimi wa Moureen kama mtu anayeona jirani amevaa gauni lake alilolianika kwenye kamba.

Kisha kiwavi akatambaa kwenye shina, Moureen akaruka, akanyakua ufito na kumpiga nao. Alipougeuza akaona herufi. "Hapa kumeandikwa nini? Wit? Ni nini hiyo?"

Chelangat alimtazama Janeffer. Alitaka tu Janeffer anyamaze, ama aseme *ni yetu hiyo, wachana nayo*. Neno moja lingetosha.

Janeffer hakuinua hata kichwa. "Ah, hayo ni mambo ya Chela na Mwalimu. Muulize mwenyewe."

Mambo ya Chela na Mwalimu.

Moureen hakuuliza, kwa sababu alikuwa ameshakumbuka hadithi nyingine ya ndizi. Chelangat alichuma mpaka saa nane. Ukimtazama ungesema ni msichana mtulivu, mvumilivu, mwenye kazi yake. Ndani yake kulikuwa na jiko la makaa ambalo mtu amelifunika na sufuria.

Asubuhi ya pili alitoka nyumbani mapema. Mpakani mwa shamba la baba yake kulikuwa na miti ya chai ya zamani, ile iliyopandwa kwa mbegu na babu yake, ambayo siku hizi haichumwi. Imeachwa ikawa ua. Majani yake ni meusi, mapana kama kiganja, magumu. Chelangat alisimama hapo. Akatazama nyuma. Halafu akavunja konzi moja, mbili, tatu, nne, akazisukumia kwenye mfuko wa aproni.

Alikuwa ameupanga mpango wake vizuri. Kila siku mwisho wa mstari huwa wanamwaga vikapu juu ya turubai na kuchambua kabla ya kutia kwenye gunia, maana gunia ni moja. Janeffer angeona majani magumu yakitoka kwenye kikapu cha Moureen. Janeffer hapendi chai mbaya; kwa chai mbaya anaweza kumgombeza hata pasta. Angesema, pole dada, kazi hii si yako, rudi kwa ndizi. Basi. Hakuna ambaye angeumia.

Saa sita hivi Moureen aliinama kufunga kiatu. "Nikushikie kikapu?" Chelangat alimwambia.

"Asante, mpenzi! Unaona? Nilimwambia Janeffer, huyu Chela ananipenda, ni aibu tu."

Chelangat alizika konzi nne katikati ya majani ya Moureen, akayafunika, akamrudishia kikapu mgongoni. Mikono yake ilifanya kazi hiyo kama kazi nyingine yoyote. Hilo lilimshangaza.

Lakini wingu lilikuja kutoka upande wa msitu, jeusi, lile la mvua ya mawe, na chini huko barabarani wakasikia lori la majani likipiga honi saa nzima kabla ya wakati wake. Janeffer alipiga kelele: "Leo hakuna kuchambua! Mwageni kwa gunia! Haraka!"

Chelangat alifungua mdomo. Moureen alikuwa ameshamwaga. Angeweza kusema *ngoja*. Neno hilo lilikuwa fupi karibu kama lile la Mwalimu Bosire. Alifunga mdomo, akashika pembe ya gunia, wakakimbia.

Kwenye kituo cha kupimia majani watu walikuwa wamejipanga chini ya mabati. Karani wa majani, Kiptum, alikuwa kijana mwenye kalamu sikioni na macho yasiyosamehe. Alimwaga gunia lao mezani, akapitisha mkono mara moja, mara ya pili. Akasimama. Akainua jani moja kwa vidole viwili kama mtu anayeinua panya kwa mkia.

"Wamama. Hii ni chai ama ni mboga ya ng'ombe?"

Watu wakasogea. Johana, mkulima wa bonde la pili, ambaye hajawahi kupitwa na nafasi ya kusema, akasema: "Wa Kogo Cheptoo leo wameamua kulisha Wazungu nyasi!" Kicheko kikazunguka chini ya mabati.

"Gunia lote linarudi," Kiptum alisema. "Na ninaandika onyo. Onyo la pili, namba ya Kogo ya kuuzia chai inasimamishwa."

Hapo Moureen akapenya mbele. Uso wake ulikuwa umelowa, si kwa mvua. "Karani, tafadhali. Ni mimi. Mimi ni mgeni kwa hii kazi, vidole vyangu havijajua. Kikapu kilikuwa changu. Usiandike huyo nyanya mzee."

"Mimi siandiki kikapu, mama. Naandika namba."

Janeffer alikuwa ameokota jani. Alilikunja, likavunjika *tap*. Akalisugua na kidole gumba, akalipindua, akatazama mishipa yake nyuma. Chai yote ya Kogo ilikuwa ya miche ya kisasa, jani dogo, jepesi. Hapo Boito kila mtu anajua ni wapi kumebaki miti ya mbegu, na Janeffer alikuwa amepita mpakani pale kila siku kwa miaka sita akimwita rafiki yake watoke. Chelangat alimwona akielewa. Ndipo na yeye akaelewa upumbavu wake. Mchuma chai mzima, amekwenda kuchuma ushahidi nyumbani kwa baba yake! Wivu ulikuwa umempofusha hata vidole.

Janeffer alitia lile jani mfukoni.

"Makosa ni yetu," alimwambia Kiptum.

"Yenu nani?"

"Sisi watatu. Hatukuchambua. Andika onyo."

Alisema *watatu* bila kujikwaa, kama mtu anayetaja idadi ya watoto wake.

Mvua ya mawe ilipiga mabati, ikapita. Moureen alikwenda nyumbani kwake senta akijifuta na kitenge. Wale wawili walipanda kilima, gunia katikati, kila mmoja na pembe yake. Chini ya mti wa msonobari Janeffer akatua.

"Chela. Mpakani kwenu mmeanza kupunguza miti?"

Chelangat alitazama vidole vyake.

"Nimekuuliza."

"Nilitaka uone hajui kuchuma."

"Kwani nimefungwa macho? Najua hajui kuchuma! Wewe ulipoanza ulikuwa unajua? Nani alikufunga vitambaa vidoleni ulipokuwa unatoka damu ukilia kama mtoto?"

"Wewe."

"Haya!"

"Ulimwambia ni mambo yangu na Mwalimu." Sauti ya Chelangat ilitoka nyembamba. "Ile ya ufito. Ulisema ni mambo yangu."

Janeffer alikunja uso, akitafuta. Alitafuta kweli, na Chelangat aliona akikosa. "Nilisema hivyo? Lini?"

Hilo lilimchoma kuliko kugombezwa. Siku aliyokuwa ameimeza kama mwiba, mwenzake hakuwa hata ameionja.

Janeffer alikaa juu ya gunia. Hasira ilimtoka kidogo, ikabaki uchovu. "Sikiliza, Chela wangu. Mimi nina mume, nina watoto watatu, nina ng'ombe wawili, nina shemeji anayekuja kula kila Jumapili na kuuliza kama nyama imeisha. Nikipata mtu wa kunichekesha, nacheka. Wewe sijakuondoa mahali. Lakini ulitaka kumtoa yule kwa uongo, na ukakaribia kumnyang'anya Kogo chai yake. Yule alisimama mbele ya watu akasema ni yeye. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapo."

"Ehe. Ulikuwa hapo." Aliinuka, akajipangusa. "Mimi simwambii. Utamwambia wewe. Na kesho mtachuma nyinyi. Mimi naenda mstari wa juu."

"Peke yako?"

"Nina mikono."

Kesho yake jua lilitoka safi, mashina yanameta, majani mengine yametobolewa na mvua ya mawe. Janeffer alipanda mstari wa juu na kijiti alichokata njiani. Chelangat alibaki na ufito wao, na upande wa pili wa mstari, pale ambapo kwa miaka sita hapakusimama mtu mwingine, alisimama Moureen, bila hadithi hata moja ya ndizi.

Walichuma mashina ishirini hivyo. Kila mara Chelangat aliposukuma ufito, mkono wa Moureen haukuwepo. Ilibidi amwambie "chukua", ilibidi amwambie "lete". Kisha akaona jani lenye doa jekundu.

"Leta mkono."

"Ni kidogo tu."

"Leta."

Vidole viwili vilikuwa vimechanika pembeni mwa kucha. Chelangat alipasua upindo wa leso yake, akafunga kimoja, akafunga cha pili, fundo kwa ndani ili lisikwaruze majani, kama alivyofungwa yeye. Hakuinua macho.

"Yale majani ya jana niliyaweka mimi. Ulipokuwa unafunga kiatu."

Mkono ule uliacha kusogea ndani ya mikono yake. Chelangat alingoja kupigwa kofi, na kwa kweli angelipokea.

"Kwa hiyo nimelia bure," Moureen alisema mwishowe. "Nimemwambia mume wangu mimi ni mjinga, sina mikono, nirudi Sotik. Akaniambia ndiyo, una mikono ya ndizi. Nikamnyima uji. Mpaka uji nimemnyima kwa ajili yako!"

"Nisamehe."

"Bado." Aliuvuta mkono wake, akachuma jani moja, akalitazama huku na huku, akalitupa kikapuni. Akachuma lingine. "Ulinichukia kwa nini? Sijakula kitu chako."

Chelangat akasukuma ufito mpaka mwisho wenye maandishi ukafika mbele ya Moureen.

"Uliuliza ni nini hiyo. Ni Kiingereza cha zamani sana. Kilikufa. Maana yake ni mimi na wewe. Wawili tu, hakuna mwingine."

Moureen aliinama, akapitisha kidole chenye kitambaa juu ya zile herufi. "Mimi na wewe?" Akainua kichwa polepole, macho yametoka. "Wee! Jana umenitilia mboga ya ng'ombe, leo umeniandika kwa fimbo? Dada, mapenzi yako yanatisha!"

Chelangat hakutaka kucheka. Alibana midomo. Lakini kicheko kilipita puani, kikamrudi kooni, kikatoka chote, na Moureen naye akakamatwa, wakashikilia mashina ya chai kila mtu upande wake wasianguke.

Mstari wa juu, mgongo wa Janeffer ulinyooka. Aligeuka, kijiti mkononi. Alitaka kutabasamu, mkono wake ukaenda mdomoni.

"Mnacheka nini nyinyi wawili?"

Chelangat aliutambua uso ule. Ulikuwa wake mwenyewe. Alikuwa ameuvaa kwa wiki tatu. Alijua jinsi unavyobana kwenye mashavu, na alijua ni neno gani fupi linaloulegeza.

Alichuma mashina matatu kwanza, taratibu, majani mawili na ncha, majani mawili na ncha, akiuonja mpaka mwisho utamu wa kuwa mmoja wa wawili. Ndipo akamjibu: "Njoo."